Akili mnemba na elimu ya watu wazima: mzee atajifunza nini, kwa nani, na kwa sauti ya nani

Kila akili mnemba (AI) inapotajwa pamoja na elimu, mazungumzo hukimbilia kwa watoto. Wazazi wanataka kujua kama binti yao wa kidato cha tatu anaandika insha mwenyewe au anaandikiwa na simu. Walimu wanajiuliza watasahihisha nini. Ni maswali ya haki, lakini yanamwacha nje mwanafunzi mwingine ambaye huenda teknolojia hii ikamgusa zaidi, kwa heri au kwa shari: mama wa miaka 58 aliyeishia darasa la nne, babu wa miaka 70 ambaye hakuingia darasani kabisa, mstaafu aliyesoma vizuri enzi zake lakini leo anatakiwa kuomba huduma kwenye mtandao, kulipa kwa simu na kutambua tapeli kwa kusikia sauti tu.

Mwaka 1964, akiwasilisha Mpango wa Kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano, Julius Nyerere alisema taifa lianze kwa kuelimisha watu wazima. Sababu yake ilikuwa ya kihesabu kabisa: mtoto aliye shuleni atachukua miaka mitano, kumi, hata ishirini kabla elimu yake haijaonekana kwenye uchumi, ilhali mtazamo wa mtu mzima unaleta athari leo hii. Sababu hiyo haijachakaa. Anayeamua shamba lipandwe nini, mjukuu apelekwe hospitali au kwa mganga, kiwanja kiuzwe au kisiuzwe, mara nyingi ni mtu aliyevuka miaka hamsini.

Sasa tunacho chombo kinachoweza kumfundisha mtu wa umri huo kwa mazungumzo, kwa mwendo wake, bila kumwaibisha. Chombo hichohicho hukosea, na hukosea kwa namna ambayo mwenye elimu ndogo ndiye anayeshindwa kuigundua. Kwa hiyo swali kubwa kwangu ni wapi tutakiweka: mkononi mwa mzee aliye peke yake, au katikati ya kikundi chenye mtu wa kukiongoza. Tanzania ilishakutana na swali la namna hiyo miaka hamsini iliyopita, kwa redio.

Samaki mkavu

Methali ya samaki mkunje angali mbichi imewafungia wazee wengi mlango wa darasa. Wenyewe wanaitumia kujitetea: "Mwanangu, mimi nimeshakauka." Ukweli uliopo ni nusu kwa nusu. Umri unapunguza kasi ya ubongo kuchakata jambo jipya, na unapunguza uwezo wa kushika mambo kadhaa kichwani kwa wakati mmoja. Ndiyo maana mzee akielekezwa hatua sita za kwenye simu kwa mkupuo, hupotelea kwenye ya tatu. Lakini msamiati na ujuzi wa maisha haupungui kwa kasi hiyo. Kwa watu wengi huendelea kukua hadi miaka ya sitini na zaidi. Mtu mzima hujifunza vizuri pale kitu kipya kinapotundikwa kwenye kile anachokijua tayari.

Hata kusoma, kazi tunayodhani ni ya utotoni, hujifunzika ukubwani na kuacha alama ndani ya ubongo. Mwaka 2010 Stanislas Dehaene na wenzake walichapisha katika jarida la Science utafiti wa watu wazima 63 wa Brazil na Ureno. Baadhi hawakujua kusoma, baadhi walijifunza utotoni, na baadhi walijifunza wakiwa watu wazima. Wale waliojifunza ukubwani nao walionekana kupata mabadiliko katika sehemu za ubongo zinazotambua herufi na sauti za lugha. Na kabla ya picha za ubongo, tulikuwa na Kimani Maruge wa Eldoret, aliyejiandikisha darasa la kwanza Januari 2004 akiwa na miaka 84, baada ya Kenya kufuta ada ya shule za msingi mwaka 2003. Mwaka 2005 alikwenda New York kuzungumza kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu umuhimu wa elimu ya msingi bila ada.

Kinachomkwamisha mzee, basi, kwa kiasi kikubwa kiko nje ya kichwa chake. Macho hayaoni karibu na miwani hana. Darasa linakwenda kwa kasi ya vijana. Jioni kuna kuni, maji na mjukuu mgonjwa. Juu ya yote kuna aibu: kuuliza swali mbele ya mtu wa umri wa mwanao, ukaulizwa tena "bado hujaelewa?", halafu kesho ukutane naye sokoni. Watu wazima wengi huacha masomo kwa hilo, na huwa hawalitaji. Watakwambia hawakupata muda.

Redio chini ya mwembe

Mwaka 1970 ulitangazwa Tanzania kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka uliofuata TANU, chama tawala cha wakati huo, ikaazimia kwamba ifikapo mwisho wa 1975 kusiwe na mtu mzima asiyejua kusoma na kuandika. Madarasa ya kisomo yalifunguliwa chini ya miti, kwenye ofisi za chama, na shuleni jioni watoto wakishaondoka. Vitabu vilivyotumika vilitokana na majaribio ya mradi wa UNESCO katika mikoa ya Ziwa ulioanza 1968, na havikumchukulia mtu mzima kama mtoto mrefu. Mkulima wa pamba alijifunza kusoma kwa kitabu cha pamba, mvuvi kwa kitabu cha uvuvi, mwenye migomba kwa kitabu cha migomba.

Halafu ikaja redio. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliendeshwa kwa wiki 12 na ilikusanya watu wapatao milioni mbili. Kwa nchi yenye simu chache na barabara mbovu, hilo lilikuwa jambo kubwa mno, na inafaa tulitazame lilifanyikaje. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo mafupi. Watu walikutana, redio ikawashwa, kipindi kikasikilizwa. Redio ikazimwa. Kiongozi au mwanakikundi anayejua kusoma akasoma kijitabu kwa sauti, wakajadili hali ya kijiji chao, wakaamua la kufanya wiki hiyo: kuchimba choo, kufukia madimbwi, kufyeka majani karibu na nyumba. Wiki iliyofuata walirudi wakiwa wamefanya au hawajafanya, na ikabidi waelezane.

Redio haikuweza kuulizwa swali. Mtu aliyekuwa na mashaka alimwuliza jirani, na jirani ndiye aliyembishia au kumthibitishia. Elimu ilipita kwenye mdomo wa mtu anayefahamika kabla ya kuingia nyumbani.

Matokeo ya jumla ya miaka ile yanajulikana. Watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa kama theluthi mbili mwanzoni mwa kampeni. Mtihani wa kitaifa wa 1975 ulikuta asilimia 39, na ule wa 1986 ukakuta chini ya asilimia 10. Kisha uchumi ukaanguka, karatasi zikaadimika, magazeti ya vijijini yakafa, posho ndogo za walimu wa kisomo zikakauka. Mtu aliyejifunza kusoma akakosa cha kusoma, na maarifa yasiyotumiwa hupotea. Sensa ya 2012 ilionyesha takriban asilimia 78 tu ya wenye miaka 15 na zaidi wakijua kusoma na kuandika. Yeyote anayetaka kuleta akili mnemba kwa wazee aanzie kwenye namba hiyo: shida yetu kuu haikuwa kuwasha moto. Ilikuwa kuutunza.

Mashine inafanya nini hasa

Programu kama ChatGPT, iliyofunguliwa kwa umma Novemba 2022, msingi wake ni modeli ya lugha. Imepitishiwa maandishi mengi kuliko ambayo mtu angeweza kuyasoma katika maisha elfu, na kazi iliyofundishwa kwanza ni moja: kukisia neno linalofuata. Ukiandika "mvua za masika huanza mwezi wa…", inaleta "Machi" kwa kuwa maandishi mengi iliyoyapitia yanaelekea huko. Baadaye hufunzwa zaidi ili ijibu kwa mtindo wa mazungumzo na ikatae baadhi ya mambo. Siku hizi baadhi ya programu hizi hutafuta kwanza mtandaoni kabla ya kujibu, lakini jibu lenyewe bado linatungwa kwa njia ileile ya kukisia. Kwa hiyo sentensi inaweza kutoka imenyooka, yenye heshima na uhakika, na ikawa si kweli.

Kwa mzee asiyesoma, modeli hiyo peke yake haina faida. Kinachobadilisha mambo ni kuiunganisha na programu nyingine mbili, moja inayogeuza sauti kuwa maandishi na moja inayosoma maandishi kwa sauti. Zikifanya kazi pamoja, mtu anaongea na simu inamjibu. Kusoma kunaacha kuwa tiketi ya kuingilia. Kwa sehemu kubwa ya historia ya elimu ya watu wazima ilibidi kwanza ujue herufi ndipo milango mingine ifunguke. Sasa mtu anaweza kuanza na swali lake la maisha na herufi zikamfuata.

Jambo la pili ni subira. Mashine haichoki kuulizwa jambo lilelile mara kumi, haina uso wa kukunja, na haitakutana nawe sokoni. Mwaka 1984 mwanasaikolojia wa elimu Benjamin Bloom alichapisha matokeo yaliyosumbua walimu hadi leo: mwanafunzi wa kawaida aliyefundishwa na mwalimu wake mwenyewe, hatua kwa hatua, alifanya vizuri kuliko asilimia 98 ya waliofundishwa darasani kwa njia ya kawaida. Tafiti zilizofuata zilikuta faida iliyo ndogo kuliko hiyo, lakini bado faida. Hakuna serikali inayoweza kumwajiria kila mzee mwalimu wake. Hapo ndipo ahadi ya akili mnemba ilipo.

Tuichukue ahadi hiyo hadi nyumbani. Mama ana shinikizo la damu. Ametoka kituo cha afya na bahasha ya dawa iliyoandikwa 1×2 kwa kalamu. Nesi alimweleza, lakini foleni ilikuwa ndefu na maelezo yakaenda mbio. Jioni anaishika bahasha, anaiuliza simu: "Hii moja mara mbili, nimeze zote mbili pamoja?" Programu iliyotengenezwa vibaya itatoa mhadhara wa aya tano kuhusu shinikizo la damu. Iliyotengenezwa vizuri itasema: kidonge kimoja asubuhi, kingine jioni, alama ile ya msalaba uliolala ubavu inasomwa "mara", namba ya kwanza ni idadi ya vidonge, ya pili ni mara ngapi kwa siku. Kisha itamwuliza: "Ingeandikwa mbili mara tatu, ungemeza vipi?" Akijibu sawasawa, basi wiki ijayo ataisoma bahasha ya mjukuu bila kuuliza mtu. Kama swali ni ameze kabla au baada ya kula, jibu la haki ni kwamba inategemea dawa, na aulizwe mfamasia.

Mama huyo anaweza kujibiwa bila kufundishwa. Programu nyingi zilizoko sokoni zimeundwa kujibu, tena haraka, na anayejibiwa kila siku bila kuulizwa swali lolote atabaki mtegemezi. Wanaotaka kutumia teknolojia hii kwa elimu ya wazee wanapaswa kudai programu inayouliza, inayosubiri, inayosema jambo moja kwa wakati mmoja, na inayorudi kesho kuona kama somo la jana limebaki.

Jani la muhogo

Tuna mfano wa karibu ambao hauhitaji kubashiri. Wakulima wa muhogo wa Afrika Mashariki wamehangaika kwa miaka na magonjwa mawili ya virusi: batobato, inayokunja majani na kuyatia mabaka, na michirizi ya kahawia, ambayo ni ya hila zaidi kwa sababu shina linaweza kuonekana zima huku mizizi ikioza ardhini. Maafisa ugani ni wachache, na wakulima wengi wa muhogo si vijana. Watafiti wa chuo kikuu cha Penn State na taasisi ya kilimo ya IITA walitengeneza programu iitwayo PlantVillage Nuru. Mkulima anaelekeza kamera ya simu kwenye jani, programu inalikagua na kumwambia inaona dalili gani, kwa Kiswahili, bila kuhitaji intaneti pale shambani.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliipima Nuru dhidi ya watu. Kwa jani moja moja ilipata sawa asilimia 65. Maafisa ugani walipata kati ya asilimia 40 na 58, na wakulima wenyewe kati ya 18 na 31. Ilipopewa majani sita ya mmea mmoja, usahihi wake ukapanda hadi kati ya asilimia 74 na 88.

Namba hizi zina mambo mawili ndani yake. La kwanza ni zuri: mashine ndogo ndani ya simu janja imemzidi afisa ugani katika kazi moja nyembamba. La pili ni kwamba hata ikiwa bora kuliko wakulima na maafisa ugani, kwa jani moja ilikosea mara moja katika kila tatu. Mkulima anayeliamini jani la kwanza anaweza kung'oa shamba zima bure, au kugawia jirani vipando vyenye ugonjwa. Anayejua kwamba lazima akague majani sita ndiye anayeitumia vizuri, na hilo la majani sita ni elimu ambayo mtu humfundisha mwenzake. Mara nyingi ataipata kwa bwana shamba au kwa mwanakikundi aliyetangulia.

Naupenda mfano huu kwa sababu nyingine pia. Nuru haikumwambia mkulima aache anachokijua. Ilimpa macho ya ziada juu ya mmea alioulima maisha yake yote, na kila anapolinganisha anachokiona yeye na inachokiona simu, anajifunza kutazama.

Inapokosea, anayeumia ni nani

Programu za mazungumzo hazijafika mahali pa Nuru, hasa kwa Kiswahili. Sababu iko kwenye chakula zilicholishwa, yaani data zilizofunzwa nazo. Whisper, mojawapo ya modeli zinazojulikana sana za kugeuza sauti kuwa maandishi, katika toleo lake la kwanza la 2022 ilifunzwa kwa saa 680,000 za sauti. Takriban theluthi mbili zilikuwa za Kiingereza. Saa 117,000 ziligawanywa kwa lugha nyingine 96, na mgawanyo wenyewe haukuwa sawa hata kidogo. Kihispania na Kichina walikula nyama, lugha kama yetu zikapata mchuzi. Maneno yetu marefu, kama "hawakutufundisha" au "tutakapowafikia", hukatwakatwa na modeli nyingi kuwa vipande vingi kuliko neno la Kiingereza, kwa hiyo sentensi ileile huigharimu mashine kazi zaidi, na mtumiaji fedha zaidi pale malipo yanapohesabiwa kwa vipande.

Kisha kuna sauti ya mzee mwenyewe. Inatetemeka, inapumzika katikati ya neno, meno ya mbele hayapo. Lafudhi yake ni ya Kimvita, au ya Kimakunduchi, au Kiswahili cha Lubumbashi chenye Kifaransa ndani. Wanaochangia sauti kwenye hazina za wazi kama Common Voice ya Mozilla, ambayo ina sehemu nzuri ya Kiswahili, wengi wao ni vijana. Mashine iliyomsikia mtoto wa chuo ikamzoea itamsikia bibi vibaya. Naye bibi hatajua kwamba imemsikia vibaya. Ataona tu imejibu.

Saa ni mtego mwingine ambao kila msemaji wa Kiswahili anayetumia programu hizi amewahi kukutana nao. Kwetu saa mbili asubuhi jua limeshatoka na watoto wako shuleni. Kwa mashine iliyokulia kwenye Kiingereza, saa mbili inaweza kuwa usiku wa manane. Kwenye mazungumzo ya kawaida ni usumbufu mdogo. Kwenye ratiba ya dawa ya kisukari ni hatari, na ndiyo maana programu yoyote ya afya ya Kiswahili ingepaswa kupimwa kwa jambo hilo kabla ya kuruhusiwa kumkaribia mzee.

Heshima nayo ina uzito. Mzee anayefunguliwa mazungumzo kwa "Habari! Nikusaidie nini leo?" bila shikamoo anaweza kuona anaongea na mtoto asiyelelewa, na akazima simu. Kuna watakaosema ni jambo dogo. Mtu aliyeacha darasa la kisomo kwa kudharauliwa hataliona dogo.

Gharama nitazipita haraka kwa kuwa kila mtu anazijua. Wazee wengi wana kitochi, si simu janja, na bando ni fedha ya chumvi. Kitaalamu inawezekana kabisa mtu apige namba kwa kitochi, aongee, ajibiwe, bila intaneti upande wake. Kinachokosekana ni wa kulipia muda wa simu.

Somo la kwanza liwe utapeli

Kama ningepewa kupanga mtaala wa akili mnemba kwa wazee, somo la kwanza lisingekuwa jinsi ya kuitumia. Lingekuwa jinsi inavyotumika dhidi yao. Tumeshazoea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Umewaliza watu, lakini walau ulikuja kwa maandishi ya mgeni. Januari 2023 Microsoft ilionyesha mfumo uitwao VALL-E, unaoiga sauti ya mtu kwa kusikia sampuli ya sekunde tatu. Tangu hapo zana za aina hiyo zimesambaa. Ujumbe mfupi wa sauti kwenye kikundi cha ukoo unatosha kumpa tapeli sauti ya kijana wako aliyeko Muscat au Minneapolis, akilia kwamba amekamatwa na anahitaji fedha usiku huu.

Kinga yake haihitaji shahada. Kata simu, mpigie mwenyewe kwa namba uliyonayo. Kuweni na neno la familia ambalo haliandikwi popote. Namba ya siri haitajwi kwa yeyote, hata kwa mtoto wa kukuzaa. Mzee akikaa na wenzake akasikilizishwa sauti ya kweli na ya kuigwa, moja baada ya nyingine, ataelewa katika nusu saa kile ambacho tangazo la mwaka mzima halitamwelewesha. Na akishakielewa atakwenda kukisema msikitini, kanisani na kwenye kikoba.

Hapohapo aelezwe kwamba simu anayoisimulia ugonjwa wake, deni lake na ugomvi wa shamba si mtu wa kutunza siri. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Haki zilizomo hazimsaidii asiyejua kwamba zipo.

Kikundi, kiongozi, na simu moja katikati

Narudi kwenye mfumo wa 1973 kwa sababu sijaona uliouzidi. Simu moja nzuri na spika ndogo vinatosha watu kumi na watano. Kikundi kinakutana mahali kilipozoea: kwenye kikoba, kwenye darasa la ngumbaru, barazani baada ya alasiri. Kiongozi, anaweza kuwa kijana aliyemaliza kidato cha nne au mwalimu mstaafu, amefunzwa mambo machache: kuuliza swali vizuri, kuliuliza tena kwa namna nyingine kuona kama jibu linabadilika, kulinganisha na kijitabu cha wizara, kujua maswali gani hayaulizwi mashine kabisa bali yanapelekwa kwa daktari, mfamasia au wakili. Swali linatoka kwa wanakikundi. Jibu linasikilizwa. Simu inawekwa chini. Kisha watu wanajadili.

Kinachopatikana hapo hakipatikani kwa mzee aliye peke yake kitandani na simu. Mmoja atasema, "Hapana, hiyo mbegu kwetu haistahimili," na kosa la mashine litakamatwa na mtu aliyelima miaka arobaini. Makosa ya akili mnemba huonekana haraka zaidi kwa wengi wenye uzoefu tofauti, na wazee wana uzoefu kuliko kundi lingine lolote. Faragha ya kuuliza swali la aibu nayo isipotee: baada ya kikao, kila mtu apewe zamu yake na simu kando.

Kuna wanaosema sasa kusoma hakuna haja, mashine itawasomea. Siafikiani nao kabisa. Asiyejua kusoma akisomewa mkataba wa kuuza kiwanja na simu, hana njia ya kujua kama simu imeruka mstari. Sauti iwe mlango wa kuingilia, na ndani ya mlango kuwe na herufi, namba na kalamu. Kitabu cha pamba cha mwaka 1970 kilikuwa kimoja kwa wakulima wote. Uzuri ni kwamba leo modeli ya lugha inaweza kumtungia mama lishe wa Tandika somo la kusoma linalotokana na hesabu zake za mchele na mkaa, na mvuvi wa Kilwa somo la pweza na bamvua, kila wiki jipya, kwa ugumu unaopanda polepole. Ukame wa maandishi ulioua kisomo miaka ya 1980 unaweza kupatiwa dawa, mradi mwalimu ayapitie maandishi hayo kabla hayajagawiwa.

Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ya Tanzania ipo, na ilitungiwa sheria yake mwaka 1975. Vituo vipo, ingawa vimechoka. Kinachopaswa kulipiwa kwanza ni viongozi wa vikundi, kwa posho inayofika kila mwezi, kwa sababu tumeshaona kinachotokea ikikatika. Cha pili ni sauti. Wazee wa Pemba, wa Lamu, wa Ujiji na wa Bukavu warekodiwe wakieleza kilimo, malezi, uvuvi na dawa za miti, kwa ridhaa iliyoelezwa mdomoni na si kwa kidole gumba kwenye fomu, ili mashine zijifunze kuwasikia wao na wenzao. Wanaofanya kazi hiyo ni walimu wa mashine. Malipo yao yaandikwe kwenye bajeti ya mradi kama yanavyoandikwa ya wahandisi, na ijulikane mapema sauti zao zitamilikiwa na nani.